Gharama ya Kuomba Rekodi za Serikali: Ushauri kwa Wakazi wa Ramisi na Pwani ya Kusini

Kuwasilisha ombi la rekodi katika ofisi yoyote ya umma nchini Kenya ni bure. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Namba 31 ya mwaka 2016, kinakataza mtu kutozwa ada yoyote kwa sababu tu ameleta ombi. Kinachoweza kulipiwa ni kopi, na hapo pia sheria imeweka kikomo: malipo yasizidi gharama halisi ya kutoa kopi hizo na, inapobidi, gharama ya kuzifikisha kwa mwombaji. Kikomo hicho kinaifunga serikali ya kitaifa na serikali ya kaunti, na kinayafunga vilevile makampuni ya kibinafsi ambayo sheria hii imeyagusa.

Haki yenyewe imetoka katika Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, inayompa kila raia nafasi ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, pamoja na zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine zikihitajika kutekeleza au kulinda haki fulani. Sheria ya 2016 ikaongeza jambo ambalo waombaji wengi hawalijui: sababu za mwombaji hazina uzito wowote katika uamuzi. Afisa akiuliza, "Hizi wazitakia nini?" swali hilo si kosa, lakini jibu lake halipunguzi haki wala haliongezi bei. Mkulima anayetaka kujua bajeti ya zahanati, mwanafunzi anayeandika utafiti na mwanasiasa anayejiandaa kwa uchaguzi, wote watatu hulipia karatasi ileile kwa kiwango kilekile.

Neno "raia" lina uzito wake pwani ya kusini. Familia za Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa katika eneo hili, ziliishi kwa miongo mingi bila kitambulisho cha Kenya. Ni baada ya matembezi yao ya Oktoba 2016 kutoka Kwale kuelekea Nairobi ndipo zilipotambuliwa, na vitambulisho vikaanza kutolewa mwanzoni mwa 2017. Aliyepata kitambulisho wakati huo ana haki ya kuomba rekodi sawasawa na aliyezaliwa raia. Mwombaji aandike namba ya kitambulisho katika barua yake na awe na kopi yake tayari, maana ofisi ikitaka kuchelewesha jambo, uraia ndiyo hoja ya kwanza kushikwa. Kikundi cha kijiji kikitaka kuomba, njia nyepesi ni mwanachama mmoja aombe kwa jina lake.

Kabla ya kuzungumzia bei, ni lazima kutenganisha malipo ambayo huchanganywa kwenye madirisha ya ofisi. Kuna huduma za masijala zenye sheria zake na viwango vyake: serchi ya ardhi, cheti cha kuzaliwa, ramani za upimaji, taarifa za wenye hisa katika kampuni. Ada zake hupangwa kwa kanuni za idara husika, na mwombaji hawezi kuzikwepa kwa kusema kwamba anaomba habari. Anayetaka kujua jina la mwenye shamba lililosajiliwa atafanya serchi rasmi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 na kulipa ada yake. Lakini mtu yuleyule akitaka barua ambazo ofisi ya serikali iliandikiana na kampuni kuhusu ukodishaji wa shamba hilo, hilo ni ombi la habari, na bei yake ni bei ya kopi. Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ardhi yake ikaendelea kuwa suala la mvutano, tofauti hiyo si ya vitabuni. Majina yaliyo kwenye daftari hupatikana kwa serchi. Maelezo ya jinsi majina hayo yalivyofika pale huwa ndani ya mafaili, na mafaili huombwa kwa Sheria ya 2016.

Kopi zilizothibitishwa nazo zina hesabu yake. Chini ya kifungu cha 80 cha Sheria ya Ushahidi, afisa anayetunza hati ya umma ambayo mtu ana haki ya kuikagua anapaswa kutoa kopi yenye uthibitisho kwa malipo ya ada iliyowekwa kisheria. Kopi ya aina hiyo, yenye muhuri na sahihi, huhitajika mahakamani. Kwa kusoma, kwa kujadili barazani au kwa kumuuliza mwakilishi wadi maswali, kopi ya kawaida yatosha. Waombaji wengi huomba kila ukurasa uthibitishwe kwa kudhani kwamba karatasi bila muhuri haina thamani, kisha hushangaa gharama inapopanda. Ni busara kuchukua kopi za kawaida kwanza, kuzisoma, halafu kurudi kuomba uthibitisho wa kurasa chache ambazo kweli zitapelekwa kortini.

Rekodi za mtu mwenyewe zina njia yake pia. Mgonjwa anayetaka faili lake katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, au mfanyakazi anayetaka kuona taarifa ambazo ofisi imeweka kumhusu, anaweza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kanuni zake za 2021 zinataka ombi la mtu kuona taarifa zake binafsi litekelezwe bila malipo.

Mengi ambayo watu huyaendea Kwale kwa nauli yao tayari yanapatikana bure. Gazeti rasmi la serikali na hukumu za mahakama kuu zimewekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, na kuzisoma hakulipiwi. Bajeti na mipango ya maendeleo ya kaunti ni nyaraka ambazo sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka zitangazwe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kinaitaka kila taasisi ya umma ichapishe, bila kungoja kuombwa, mambo kadhaa ya msingi, yakiwemo maelezo ya mikataba iliyotia sahihi. Nyaraka za aina hiyo lazima ziwe wazi kwa mtu yeyote kuzikagua bila malipo. Kopi yake ikitakiwa, kinachotozwa ni gharama ya kawaida ya kunakili, na zikiwa katika kompyuta zinapaswa kuwekwa mtandaoni. Kifungu hichohicho kinasema habari zisambazwe kwa kuzingatia gharama, lugha ya watu wa mahali na njia ya mawasiliano inayofaa hapo. Kwa hiyo ukaguzi wa bure ni haki ambayo mwombaji anapaswa kuitaja kwa jina. Mtu aliyeketi ofisini na faili mbele yake, kalamu na daftari mkononi, hajatumia karatasi ya serikali, na hapo hakuna cha kutozwa.

Gharama ya ombi huamuliwa zaidi na namna barua ilivyoandikwa kuliko na ukarimu wa afisa. Barua inayoomba "nyaraka zote kuhusu barabara za wadi ya Ramisi" inaita mafaili ya miaka mingi, na ofisi itakuwa na haki ya kuhesabu mamia ya kurasa. Barua inayotaja mradi, mwaka wa fedha na hati zenyewe huleta kurasa chache zenye maana. Kwa mradi wa ujenzi, kama darasa la chekechea, zahanati au kisima, hati zinazoeleza karibu kila kitu ni tatu: mkataba, orodha ya kazi na bei ambayo mafundi na wakandarasi huiita BQ, na vyeti vya malipo au vya kukamilika kwa kazi. Kwa hati hizo mwananchi hujua nani alipewa kazi, alipaswa kujenga nini kwa bei gani, na amelipwa kiasi gani. Barua za mialiko, kumbukumbu za mikutano ya awali na nakala za matangazo huongeza unene wa bahasha bila kuongeza maarifa. Zikihitajika zitaombwa baadaye, kwa kuwa ombi la pili nalo ni bure.

Mwombaji pia aandike anataka habari kwa umbo gani. Sheria inaruhusu kukagua, kunakili au kupewa kwa umbo lingine ikiwezekana, na gharama za kubadilisha umbo humwangukia mwombaji. Hati iliyo tayari kwenye kompyuta ikitumwa kwa barua pepe haitumii karatasi wala wino, na ni vigumu kuona gharama halisi ya kunakili ambayo ofisi inaweza kuidai hapo. Sentensi mbili katika barua huokoa fedha nyingi: ya kwanza iseme kwamba hati zilizo katika kompyuta zitumwe kwa barua pepe, na ya pili iseme kwamba gharama ikizidi kiasi fulani, kwa mfano shilingi 500, ofisi imjulishe mwombaji kabla ya kutoa kopi, ili achague kurasa au aje kukagua mwenyewe.

Barua yenyewe haihitaji mapambo. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine. Taasisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini sheria inakataza ombi kukataliwa kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu hiyo, kwa hiyo anayeambiwa anunue fomu kwanza ana haki ya kuacha barua yake palepale bila kununua chochote. Asiyejua kuandika, au aliye na ulemavu unaomzuia, anaweza kusema ombi lake kwa mdomo. Afisa analazimika kumsaidia, kuliandika na kumpa kopi. Wazee wa vijijini hawana haja ya kumlipa mwandishi wa saiba ili waulizie maji yao. Nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au itumwe kwa barua pepe inayobaki kwenye simu. Tarehe hiyo ndiyo itakayohesabiwa mambo yakienda mrama.

Kupeleka barua mahali pasipofaa ni gharama nyingine inayoepukika. Kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari, ingawa anaweza kumkabidhi kazi hiyo mtu wa chini yake, kwa hiyo barua iandikwe kwa mkuu. Chekechea, zahanati, hospitali ya kaunti, maji na barabara za kaunti ni mambo ya makao makuu mjini Kwale, kwa afisa mkuu wa idara husika. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, shule za msingi na za upili, polisi na vitambulisho ni mambo ya serikali ya kitaifa. Barua ikiangukia ofisi isiyo na rekodi hizo, ofisi hiyo haina ruhusa ya kuitupa au kumrudisha mwombaji mkono mtupu. Ina siku 5 za kuihamishia ofisi inayohusika, na mwombaji anapaswa kuarifiwa. Kuhamishwa huko hakulipiwi.

Makampuni nayo yamo. Sheria inahesabu kama "chombo cha kibinafsi" kampuni inayotumia fedha au rasilimali za umma, inayotoa huduma za umma, au iliyo na mkataba wa kipekee wa kuchimba au kuvuna maliasili, na pia ile iliyo na habari zenye maslahi makubwa kwa umma kuhusu haki za binadamu, mazingira, afya au ufisadi. Kwale, ambako Base Titanium ilichimba madini ya mchanga kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, kipengele hiki kina maana kubwa. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha kwa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa, na takwimu za mgawo huo, nyaraka za fidia na mipango ya kurudisha ardhi ni mambo ambayo wakazi wana haki ya kuyauliza, kwa wizara, kwa kaunti na kwa kampuni yenyewe. Kikomo cha bei ni kilekile kwa wote.

Ofisi ikikubali ombi, inampelekea mwombaji jibu la maandishi ndani ya siku 15 za kazi. Sheria pia imeweka siku 21 kuwa ukomo wa kuamua ombi. Kwa kawaida vipindi hivi viwili hukutana, kwani wiki tatu zina siku 15 za kazi. Ombi linalohusu uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, ikiwa rekodi ni nyingi mno au inabidi kushauriana na wengine.

Barua hiyo ya majibu ndiyo kiini cha suala zima la ada, na mwombaji aisome kwa makini kuliko karatasi nyingine yoyote. Kifungu cha 11 kinataka iseme kwamba ombi limekubaliwa, itaje ada kama ipo, na ioneshe hesabu iliyotumika kufikia kiasi hicho. Inapaswa pia kueleza njia ya kulipa na utaratibu wa kupata rekodi baada ya kulipa, na kumjulisha mwombaji kwamba anaweza kupinga kiasi hicho mbele ya Tume ya Utekelezaji wa Haki. Neno muhimu hapo ni hesabu. Kiasi kilichotajwa kwa mdomo dirishani, hata kikiwa kidogo, hakijatimiza sheria. Mwombaji asiingie katika mabishano ya kupunguziwa bei; aombe tu, kwa upole na kwa maandishi, aoneshwe kurasa ni ngapi, kila ukurasa ni shilingi ngapi, na kiwango hicho kimetoka katika kanuni gani. Kazi ya kupanga viwango kwa kanuni sheria imempa waziri, na kanuni za jumla zilichelewa hadi 2023. Katika miaka yote iliyotangulia kila ofisi ilijikadiria, na mazoea ya kukadiria hayaishi kwa siku moja.

Mfano wa kubuni unaonyesha jinsi hesabu inavyosaidia. Mkataba, BQ na vyeti vya malipo vya mradi mmoja vifikie kurasa 60. Katika maduka ya Ukunda na Msambweni fotokopi ya ukurasa kwa kawaida ni shilingi 5 au 10, kwa hiyo kwa bei ya juu kopi hizo ni shilingi 600. Ofisi ikileta hesabu inayokaribiana na hapo, hakuna cha kugombania. Ikidai shilingi 3,000, maana yake ni shilingi 50 kwa ukurasa, na hapo ni haki ya mwombaji kuuliza gharama halisi iko wapi. Mara nyingi jibu litafichua vitu ambavyo sheria haikuvitaja: muda wa karani kutafuta faili, posho ya afisa, nauli ya mtu wa masijala, "ada ya ofisi", chakula cha mchana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni gharama ya kunakili au ya kufikisha. Mshahara wa anayetafuta faili umeshalipwa kwa kodi.

Katika hili sheria ya Kenya ni nzuri kuliko nyingi, na inafaa kulindwa. Nchini Marekani, idara za serikali kuu zinaweza kumtoza mwombaji wa kawaida muda wa kutafuta baada ya saa 2 za kwanza, na kopi baada ya kurasa 100 za kwanza. Uganda iliweka katika kanuni zake za 2011 ada ya shilingi 20,000 za Uganda kwa anayetaka rekodi. Ireland ilianza mwaka 2003 kutoza euro 15 kwa kila ombi lisilohusu taarifa binafsi za mwombaji, maombi yakapungua sana, na ada hiyo ikaondolewa mwaka 2014. Somo la Ireland ni wazi: ada ya mlangoni, hata iwe ndogo, huwarudisha watu kabla hawajauliza. Walioandika kifungu cha 12 waliiondoa kwa makusudi.

Rekodi za zabuni zina ulinzi wa ziada. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazitaka ofisi zitunze kumbukumbu za ununuzi kwa angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika, na inasema pia kwamba ada ya kuzitoa isizidi gharama ya kuzitoa. Anayefuatilia mradi wa zamani asikawie. Miaka hiyo ikipita, jibu la kwamba faili halipo linaweza kuwa la kweli, na hakuna malipo yatakayolirudisha.

Kulipa kwenyewe kunahitaji uangalifu. Malipo ya huduma za serikali ya kitaifa hupitia eCitizen, kwa namba ya malipo 222222. Kaunti ina akaunti zake za mapato, na barua ya ada inapaswa kutaja njia iliyokubaliwa. Fedha zisipelekwe kwenye namba ya simu ya afisa, hata akiahidi kuziwasilisha mwenyewe, wala zisitolewe taslimu bila risiti. Wanaoamini kwamba mkono mtupu haulambwi hutoa kitu kidogo ili faili lisogee, na kwa kufanya hivyo huingia wao wenyewe katika kosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, hupoteza risiti ambayo ingekuwa ushahidi wao, na humfundisha karani bei ya mwombaji atakayefuata. Anayedaiwa hongo anaweza kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, yenye ofisi Mombasa. Risiti au ujumbe wa M-Pesa uhifadhiwe kwa sababu nyingine pia: tangu siku ada inapopokelewa, ofisi ina siku 2 za kazi tu kutoa rekodi au kuruhusu ukaguzi.

Kwa mkazi wa Ramisi, gharama kubwa mara nyingi si kopi bali ni njia. Kufika makao makuu ya kaunti ni kupanda matatu hadi Ukunda, kuendelea hadi Kombani, kisha kukata kupanda Kwale, na jioni kurudi kwa mpango huohuo. Safari tatu za aina hiyo, moja ya kupeleka barua, ya pili ya kuuliza na ya tatu ya kuchukua, huzidi kwa mbali bei ya kurasa 60. Ndiyo maana ombi lipelekwe kwa barua pepe kila inapowezekana, au likabidhiwe katika ofisi za kaunti ndogo Msambweni kwa kusainiwa, na majibu yaombwe kwa barua pepe au kwa simu. Mwombaji asiende kuchukua mpaka apate jibu la maandishi kwamba rekodi ziko tayari. Hakuna kinachozuia pia mtu anayekwenda Kwale kwa shughuli nyingine kutumwa na barua yenye sahihi ya mwombaji, wala kikundi kuchangiana nauli na kopi. Kopi moja iliyotoka Kwale inaweza kunakiliwa Msambweni kwa bei ya dukani, na nakala yake ikawekwa mahali ambapo wanakijiji wote wataisoma.

Kimya ni jibu kisheria. Muda ukipita bila ofisi kusema lolote, ombi huhesabiwa limekataliwa, na mwombaji hapaswi kuendelea kungoja miezi. Aliyenyimwa, aliyepewa nusu, au asiyeridhika na ada aliyotozwa anaweza kuomba mapitio kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman na yenye kaulimbiu "Hata Mnyonge ana Haki". Kifungu cha 14 kinataja waziwazi uamuzi kuhusu ada na kiasi chake kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kupitiwa. Muda ni siku 30 tangu mwombaji alipoarifiwa uamuzi, ingawa tume inaweza kuuongeza. Ofisi yake ya pwani iko Mombasa, na kulalamika kwake ni bure. Faili la malalamiko liwe fupi: nakala ya ombi yenye muhuri, jibu la ofisi kama lilikuja, barua ya ada pamoja na hesabu yake au maelezo kwamba hesabu haikutolewa, risiti, na ukurasa mmoja unaosema mwombaji anataka tume iamue nini. Anayehitaji rekodi kwa haraka na ana uwezo anaweza kulipa huku akiandika kwamba analipa kwa pingamizi, kisha akaendelea na malalamiko ya kurudishiwa kilichozidi.

Si kila kukataliwa ni uonevu. Kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia habari zinazohusu usalama wa taifa, faragha ya mtu mwingine, maslahi halali ya kibiashara na mambo mengine machache. Lakini zuio hilo huangukia sehemu ya hati inayohusika. Sehemu iliyobaki hutolewa ikiwa imefutwa yasiyoruhusiwa, na ofisi huandika sababu. Ada kubwa haiwezi kutumiwa badala ya sababu hizo. Ofisi inayotoa bei isiyolipika kwa hati isiyotaka kuitoa imekataa kwa mlango wa nyuma, na mwombaji aieleze tume hivyo.

Asiyeridhika na amri ya tume, awe mwombaji au ofisi, ana siku 21 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Mahakama zimeonyesha msimamo. Tarehe 13 Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji John Mativo, iliamuru serikali itoe mikataba ya reli ya SGR katika kesi iliyoletwa na Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliokuwa wameiomba kwa barua kabla ya kwenda kortini. Mpangilio huo ni wa lazima: Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2017, katika kesi ya Njonjo Mue dhidi ya mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, kwamba anayedai haki ya habari aonyeshe kwanza kuwa aliiomba kwa utaratibu. Kwa mgogoro wa mamia machache ya shilingi, hata hivyo, korti si mahali pa kuanzia; ada za kufungua kesi na za wakili zitaimeza fedha inayogombaniwa mara nyingi. Amri ya tume inatosha kwa mambo mengi ya ada. Ofisi ikiipuuza, amri hiyo huweza kuwasilishwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama amri ya korti.